Ro 80 dhidi ya Peugeot 504: usiache mbachao kwa msala upitao

Wasomaji wangu, leo naweka kando habari za seva na hifadhidata nizungumzie magari. Usikimbie. Kabla sijamaliza tutakuwa tumerudi kwenye programu, maana ugomvi wangu hasa uko huko.

Kuna maneno nimechoka kuyasikia. Wapenzi wa magari ya zamani wakikutana, haupiti muda kabla mmoja wao hajaitaja NSU Ro 80 ya Ujerumani, na mwingine akashusha pumzi na kusema: "Lile gari lilizaliwa kabla ya wakati wake." Wote wanatikisa vichwa kama watu waliofiwa. Ikitajwa Peugeot 504, wanatabasamu tu. Gari gumu, wanasema. Gari la kazi. Yaani moja ni msanii, lingine ni punda.

Mimi nasema heshima hiyo imepewa asiyestahili. Kati ya magari hayo mawili, 504 ndiyo iliyoundwa kwa akili zaidi, na Ro 80 haikuonewa na wakati wala na walimwengu. Iliuzwa kabla haijaiva, nukta. Na tukiendelea kuwalilia waliouza kitu kibichi, huku tukiwacheka waliouza kitu kilichoiva, tutaendelea kuletewa vitu vibichi, na programu zikiwemo.

Wapinzani wenyewe

Magari haya ni ya rika moja. Ro 80 ilitoka mwaka 1967. Peugeot 504 ilitoka Septemba 1968. Ilikusudiwa kuzinduliwa miezi michache kabla ya hapo, lakini migomo ya Mei mwaka huo ikaisimamisha Ufaransa nzima. Yote mawili ni ya familia, yana milango 4, na yaliuziwa mtu wa aina moja: daktari, wakili, mwenye duka linaloenda vizuri. Yote mawili yalipata tuzo ileile, ya Gari la Mwaka la Ulaya, inayotolewa na jopo la waandishi wa habari za magari. Ro 80 ilichukua ya 1968, 504 ikachukua ya 1969. Kwa hiyo ulinganisho huu si wa kuonea.

NSU Ro 80:
- Injini ya Wankel yenye rota 2, cc 995, nguvu za farasi 115
- Huvutwa na magurudumu ya mbele
- Breki za diski kwenye magurudumu yote 4
- Gia 3 bila kanyagio la klachi; ukishika kirungu cha gia, klachi inajiachia yenyewe
- Umbo la Claus Luthe, lililokata upepo kuliko karibu kila gari la familia la siku zile
- Mwendo wa juu wa km 180 hivi kwa saa

Peugeot 504:
- Injini ya pistoni 4, cc 1796 (kuanzia 1970, cc 1971)
- Husukumwa na magurudumu ya nyuma
- Breki za diski kwenye magurudumu yote 4 katika saluni za mwanzo
- Gia 4 za kawaida, mkono wake kwenye nguzo ya usukani
- Umbo la Pininfarina wa Italia
- Mwendo wa juu wa km 160 hivi kwa saa

Kwenye karatasi mechi imekwisha kabla ya mapumziko. Hata mimi, ungenipa picha mbili na orodha hizi mbili, ningenyoosha kidole kwa Ro 80. Angalia picha yake: unaweza kudhani imechorwa miaka ya 1980. Audi 100 ya mwaka 1982 ilipotoka, watu wengi waliiona sura ya Ro 80 ndani yake.

Lakini gari halikai kwenye karatasi.

Injini iliyopendeza mkutanoni

Kwa wasioijua injini ya Wankel, hii hapa kwa ufupi. Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka, na kila mara pistoni inapofika mwisho lazima isimame na kugeuka. Felix Wankel alitaka kitu kinachozunguka tu. Kwa hiyo badala ya pistoni kuna rota yenye pembe 3, inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la nane nene. Nafasi kati ya rota na ukuta hupanuka na kubana kadiri rota inavyozunguka: hapa inavuta hewa na petroli, pale inabana, hapa inawasha, pale inatoa moshi. Hakuna vali. Hakuna kitu kinachopanda na kushuka. Injini inazunguka laini mno, tena ni ndogo na nyepesi.

Ni wazo tamu. Ukimchorea mtu yeyote aliyesoma hesabu, atalipenda papo hapo. Ni kama ile programu ya mistari 20 inayochukua nafasi ya nyingine ya mistari 2000. Injini ya kwanza ya aina hiyo iliwaka katika kampuni ya NSU, mjini Neckarsulm, mwaka 1957, na baada ya hapo makampuni makubwa ya Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani yakapiga foleni kununua leseni.

Tatizo liko kwenye ncha za ile rota. Kila ncha ina ukanda mdogo wa chuma wa kuziba, na ukanda huo unausugua ukuta wakati wote, kwa kasi kubwa, kwenye joto kali. Ukiisha, hewa iliyobanwa inavuja, nguvu inapotea, na gari linakataa kuwaka. Pete za pistoni zilikuwa zimeboreshwa na maelfu ya mafundi kwa zaidi ya nusu karne. Kanda hizi za Wankel zilikuwa na miaka 10 tu ya majaribio, tena mengi yakifanyika kiwandani.

Na si kwamba NSU haikuwa na pa kujifunzia. Mwaka 1964 ilitoa gari dogo la michezo, NSU Spider, lenye rota moja. Yaliuzwa magari yasiyofika 2,500. Hilo lilikuwa jaribio zuri kabisa: gari dogo, wateja wachache wanaojua wanachonunua, hasara ndogo kikiharibika. Hatua iliyofuata ingekuwa kukaa na matokeo hayo mpaka zile kanda zidumu. NSU ikarukia gari kubwa la familia, la bei ya juu, na kuliweka mikononi mwa watu waliotaka tu kwenda kazini na kurudi.

Kilichotokea barabarani

Kanda za Ro 80 za mwanzo zilikuwa za vipande 3. Kipande cha kati kiliisha haraka kuliko vingine, hasa injini ikiwashwa baridi. Yaani gari liliumizwa na kile ambacho gari la familia hufanya kila asubuhi: kuwashwa likiwa baridi na kwenda karibu. Injini nyingi zikahitaji kufunguliwa au kubadilishwa kabla ya km 50,000.

Halafu injini yenyewe ilikuwa laini kiasi kwamba dereva hakusikia anapopita kiwango cha mizunguko. Pistoni hulalamika, rota hunyamaza. Ilibidi baadaye NSU iweke king'ora cha kumwonya dereva. Mafundi wa mawakala nao hawakuwa wameifahamu injini hiyo, kwa hiyo gari likiletwa na shida isiyoeleweka walitoa injini nzima na kuweka nyingine, hata pale ambapo hapakuwa na haja, maana dhamana ilikuwa inalipa. Kukawa na mzaha: wenye Ro 80 wakipishana njiani wanainuliana vidole, idadi ya vidole ikiwa ndiyo idadi ya injini walizokwisha kubadilishiwa.

Mzaha ni mzuri, lakini kila kidole kilikuwa pesa za NSU. Kampuni hii ilijulikana kwa pikipiki na magari madogo. Haikuwa na kifua cha kubeba dhamana hizo pamoja na gharama za kuunda magari mapya. Mwaka 1969 ikachukuliwa na Volkswagen na kuunganishwa na Auto Union. Ro 80 ikaendelea kuundwa polepole hadi 1977, na kufikia hapo zilikuwa zimetoka 37,000 na ushei. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, injini ile iliyokuwa na kiu sana ikazidi kukosa watetezi. Huko Uingereza wenye magari hayo wengi waling'oa rota na kuweka injini fupi ya Ford V4. Fikiria hapo: gari lililosifiwa kwa ajili ya injini yake likaokolewa kwa kuondolewa injini yake.

Kuna jambo moja ambalo waombolezaji hawalitaji. NSU yenyewe ilikuwa na jibu kabatini. Wahandisi wake walikuwa wameunda gari jingine, K70, linalovutwa na magurudumu ya mbele kama Ro 80, lakini lenye injini ya pistoni ya kawaida. Volkswagen ililichukua na kuliuza kwa jina lake kuanzia 1970. Halikuwa gari la ajabu, na halikudumu miaka mingi sokoni, lakini yaliuzwa zaidi ya 200,000. Zaidi ya mara 5 ya Ro 80, kutoka kwa wahandisi walewale.

504: toleo la nne

Sasa tumwangalie punda wetu.

Injini ya 504 haikuanza 1968. Mwaka 1948 Peugeot ilitoa gari la 203, lenye injini ya cc 1290: kichwa cha alumini, na silinda zilizo kama mikebe inayochomoka, maji ya kupoza yakipita nje yake. Mwaka 1955 ikatoka 403, yenye injini ya ukoo huohuo iliyopanuliwa hadi cc 1468. Mwaka 1960 ikaja 404, cc 1618. Mwaka 1968 ikaja 504, cc 1796. Ukiniuliza mimi, hilo ni toleo la nne la programu moja, na katikati kuna miaka 20 ya hitilafu zilizokwisha kuripotiwa na kurekebishwa. Nyingine ziliripotiwa hapa kwetu: Peugeot 404 ilishinda East African Safari mara 4, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Siku 504 inazinduliwa, injini yake ilikuwa imeshakula vumbi na matope ya Afrika Mashariki kwa miaka.

Ile mikebe ya silinda inahitaji kusifiwa peke yake. Injini ikichoka, fundi hahitaji mashine ya kuchonga upya bloku nzima. Anachomoa mikebe minne iliyokwisha, anachomeka mipya na pistoni zake, anafunga, unaondoka. Kazi hiyo inafanyika Gikomba, inafanyika Kisumu, inafanyika chini ya mwembe. Sisi tunafundishwa chuoni kwamba mfumo mzuri ni ule ambao sehemu moja inaweza kubadilishwa bila kugusa nyingine, tunafanya mtihani juu yake, tunapasi, tunasahau. Peugeot waliutia kwenye chuma mwaka 1948.

Na wala usifikiri 504 ilikuwa gari la watu waoga. Saluni ilikuwa na saspensheni huru nyuma, kila gurudumu likicheza kivyake, jambo ambalo 404 haikuwa nalo. Ilikuwa na diski kwenye magurudumu yote. Aliyetaka alilipia mfumo wa kupuliza petroli badala ya kabureta. Lakini angalia namna walivyofanya. Kabureta ilibaki kwa asiyetaka majaribio. Na ilipofika zamu ya stesheni wagoni, gari la kubeba watu na mizigo, hawakulazimisha ile saspensheni mpya kwa sababu tu ni mpya. Walirefusha gari, wakarudi kwenye ekseli nzima ya nyuma na kuipa springi za koili mbili kila upande. Mwenye kujua kazi anajua pia wapi pa kutoweka ujuzi wake.

Matokeo unayajua hata kama huna habari na magari. Muulize mzazi wako. Stesheni wagoni za 504, zenye safu 3 za viti, zilikuwa matatu za masafa marefu kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu. Gari hili liliunganishwa hapa Kenya na kule Kaduna, Nigeria, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuunda saluni yake mwaka 1983. Lilishinda Safari mwaka 1975 likiendeshwa na Ove Andersson. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda tena, ingawa lile lilikuwa la milango miwili na lenye injini ya V6, kwa hiyo sitalihesabu sana. Kwa jumla ziliundwa 504 zaidi ya milioni 3. Waswahili wamesema chema chajiuza.

Hoja za upande wa pili

Nazijua hoja zenu, kwa hiyo tuzipitie moja moja.

1. "Ro 80 haikuundwa kwa ajili ya barabara za murram."

Kweli kabisa, wala sijaihukumu kwa murram. Nimeihukumu nyumbani kwake, kwenye lami ya Ujerumani, kwenye safari fupi za mjini. Huko huko ndiko ilikofia.

2. "Tatizo la kanda lilitatuliwa."

Pia kweli. Kipande cha kati kilibadilishwa kikawa cha madini magumu zaidi, na Ro 80 za baadaye zikitunzwa vizuri zinadumu. Lakini mtu aliyebadilishiwa injini mara 3 hasomi taarifa ya marekebisho. Ameshawaambia shemeji zake wote. Sifa ya kitu hujengwa na wateja wa mwanzo, na NSU iliwatumia wateja wa mwanzo kama maabara bila kuwaambia.

3. "Bila NSU kusingekuwa na Mazda."

Hii ndiyo hoja yenu nzito, na naiheshimu. Mazda ilinunua leseni kutoka NSU, ikahangaika na alama za mikwaruzo kwenye kuta za injini, ikazimaliza, na mwaka 1991 gari lake la rota, 787B, likashinda Le Mans. Lakini angalia njia yake. Gari la kwanza la rota la Mazda, Cosmo Sport la 1967, lilikuwa la michezo, likiundwa kwa idadi ndogo. Na wakati wote huo Mazda iliendelea kuuza magari ya pistoni yaliyoilipia majaribio yake. Mazda inathibitisha ninachosema: jaribu kitu kipya pale ambapo kikianguka hakikuui, wala hakimuui mteja wako.

Mfano wa kinyume ni Citroën. Ilishirikiana na NSU katika rota, na mwaka 1973 ikatoa GS Birotor. Haikufikisha magari 1,000. Mengi yao Citroën yenyewe ikayanunua tena ili iyavunje. Kampuni ilikuwa na matatizo mengine mengi, sitasema rota peke yake ndiyo iliyoiangusha, lakini fedha zilipoisha katikati ya miaka ya 1970 aliyekuja kuinunua alikuwa nani? Peugeot. Mwenye punda.

Sasa turudi kwenye programu

Fani yetu imejaa Ro 80, na kilio chake ni kilekile.

Wenye umri wanaikumbuka Netscape. Kuanzia mwaka 1998 waliamua kutupa programu yao ya zamani ya kuvinjari na kuandika nyingine kutoka mwanzo. Toleo la 4 lilitoka 1997. Toleo la 5 halikutoka kabisa. La 6 lilitoka Novemba 2000, na miaka 3 ni umri mzima katika intaneti. Microsoft walikuwa wakigawa Internet Explorer pamoja na Windows, kwa hiyo vita vilikuwa vigumu hata bila kosa hilo. Lakini Netscape waliingia vitani wakiwa wamevua viatu wenyewe. Joel Spolsky aliwakemea kwa hilo mwaka huohuo wa 2000, na maneno yake bado yanasomwa. Ndiyo, kutoka kwenye majivu hayo ilitoka Firefox mwaka 2004, na mimi niliipenda. Lakini Netscape yenyewe haikufika kuifaidi. NSU ilizaa, Mazda ikalea. Mzazi alishazikwa.

Hapa kwetu nimeyaona kwa macho. Kuna ushirika mmoja wa maziwa, sitautaja, uliokuwa na programu ya zamani iliyoandikwa kwa Visual Basic. Ilikuwa mbaya kutazama: vitufe vya kijivu, majina ya vigezo yasiyoeleweka, msimbo uliopindapinda kama njia ya mbuzi. Lakini kila mwisho wa mwezi wakulima walilipwa. Akaja mtoa huduma na slaidi zake, akawaambia wamepitwa na wakati, akawauzia mfumo mpya mtupu unaoendeshwa mtandaoni. Ule wa zamani ukazimwa siku mpya ulipowashwa.

Maziwa hukusanywa alfajiri kwenye vituo vya milimani ambako mtandao unakuja na kuondoka kama jua la Julai. Mfumo mpya ulidhani mtandao upo daima. Rekodi za vituo vingine zikapotea, za vingine zikaingia mara mbili. Malipo yakachelewa wiki 6, na ilikuwa Januari. Unajua Januari ni mwezi wa nini. Kuna akina mama waliouza mitamba ili watoto wavuke lango la shule.

Nilipoitwa kusaidia kuokoa data, nilifungua ule msimbo mbaya wa zamani. Ndani yake kulikuwa na mstari uliouliza tena kama uzito wa maziwa ya mkulima umezidi wastani wake mara 2. Kulikuwa na mwingine uliotenganisha wakulima wenye majina yanayofanana katika kituo kimoja. Kulikuwa na mwingine uliohifadhi kila kitu kwenye mashine ya kituo na kukituma baadaye. Kila mstari wa aina hiyo uliandikwa siku fulani kwa sababu mtu fulani alipunjwa. Wewe unaona takataka. Mimi niliona mikebe ya silinda. Mashine ya zamani ikatolewa stoo, ikapanguswa vumbi, ikawaka, na mwezi uliofuata watu wakalipwa. Tangu hapo ule mfumo unaboreshwa sehemu moja moja, na hakuna mwezi ambao malipo yamesimama.

Na usiniambie kwamba njia hii haizai makubwa. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka 2007 haikuhitaji simu mpya. Ilitumia menyu ndani ya laini ya simu na ujumbe mfupi, teknolojia ambazo wakati huo hazikumshangaza mhandisi yeyote. Upya wake ulikuwa kwenye mpangilio: mtandao wa mawakala, pesa taslimu dukani, namba yako ya simu kuwa akaunti yako. Injini iliyozoeleka, gari jipya, kama 504. Wangesubiri hadi kila Mkenya awe na simu ya kioo, mama yangu angekuwa bado anatumiwa pesa kwa bahasha kupitia kondakta wa basi.

Ninachodai

Sisemi tusibuni. Atakayesoma makala hii na kusema nimewaambia vijana waache kubuni hakuisoma. 504 ilibuni mengi. Ninachopinga ni mambo matatu, na nitayasema waziwazi.

Kwanza, acheni kutupa kinachofanya kazi kabla kipya hakijafanya kazi hiyohiyo kando yake kwa muda wa kutosha. Kwa mfumo wa malipo, muda wa kutosha ni pamoja na Januari.

Pili, acheni kumfanya mteja maabara bila yeye kujua. Kama kitu ni cha majaribio, sema ni cha majaribio, kipunguzie bei, na mpe anayekujua. Mwenye Spider alijua anacheza. Mwenye Ro 80 alidhani amenunua gari.

Tatu, na hili nawaambia wanaoandaa mashindano ya ubunifu hapa Nairobi: acheni kutoa tuzo siku ya uzinduzi. Lile jopo la Ulaya liliipa tuzo Ro 80 kabla hata zile kanda hazijaanza kuisha, lisingeweza kujua. Nyinyi mnaweza. Toeni zawadi ndogo siku ya kuonyesha wazo, kisha ile hundi kubwa wekeni benki miaka 5. Baada ya miaka 5 nendeni mkawaulize watumiaji, si waundaji, ni ipi bado inawaka asubuhi. Hiyo ndiyo mpe.

Wenye Ro 80 mnaruhusiwa kunijibu. Mkija kwa gari hilo, njooni na vidole vyote.